Ukungu kwenye flati za ghorofa Ilazo: tupake rangi kabla ya mvua au tuanzie wapi?

Katibu_Flati16

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa mafundi na yeyote anayeyajua majengo ya ghorofa.

Jengo lipo Ilazo hapa Dodoma, ghorofa nne, flati 16, kila mmoja na hati ya sehemu yake. Paa ni slabu ya zege isiyo na bati, mita 22 kwa 14, imezungushiwa ukuta mfupi, na juu yake yamekaa matangi manane. Jengo lina miaka mitatu.

Tatizo ni ukungu, ila haufanani kila mahali:

- Flati za juu: madoa meusi kwenye pembe za dari za vyumba vya kulala, na nyuma ya makabati ya nguo yaliyoegemea ukuta wa nje. Dari ni zege lililopigwa lipu na skimu, hakuna jipsamu.
- Ghorofa ya pili, flati mbili: duara la kahawia lenye vidoti vyeusi kwenye dari ya jipsamu ya korido, upande wa bafu. Jipsamu imelegea. Linakua hata sasa hivi Agosti, na tone la mvua hatujaliona tangu Aprili.
- Chini: rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti na unga mweupe unadondoka.

Kamati inataka kununua rangi ya kuzuia fangasi tupake ndani jengo zima mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Ni sawa? Na gharama ni ya nani, chama au mwenye flati?

---

Zege_na_Nondo

Katibu, hiyo rangi isubiri kwanza. Umetaja matatizo matatu tofauti, na moja kati yake wala si ukungu.

Dodoma si Dar es Salaam. Kule hewa yenyewe inatosha kuotesha ukungu kwenye kiatu kilichosahaulika uvunguni. Huku mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, karibu yote ikianguka kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine hewa inapasua midomo. Ukiona ukungu ndani ya nyumba Dodoma ujue kuna maji yamepata njia, au kuna chumba hakipumui. Rangi ya kuzuia fangasi ina dawa inayochelewesha ukungu kuota juu ya rangi, basi. Maji hayaijui. Ukiipaka mwezi wa kumi ukuta utakaa safi hadi Desemba kwa sababu ni kiangazi, kila mtu atamsifu fundi, halafu Januari madoa yanarudi palepale.

Anza na vipimo vya bure. Ule unga mweupe wa chini, kwangua kidogo uutie kwenye glasi ya maji. Ukiyeyuka ni chumvi, ukungu hauyeyuki. Yale madoa meusi ya juu, dondoshea tone la JIK: ukungu unapauka ndani ya dakika chache, vumbi na masizi vinabaki na rangi yake.

Kisha kipimo cha nailoni, ambacho ndicho kitakuokolea hela. Kata nailoni angavu sentimita 50 kwa 50, ibandike juu ya doa kwa selotepu pana pande zote nne isipitishe hewa, iache usiku mbili. Matone yakiwa upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta au slabu. Yakiwa upande wa chumbani, ni jasho, yaani mvuke wa chumba umegonga sehemu ya baridi ukageuka maji. Weka nailoni moja pia sehemu safi ya ukuta huohuo, vinginevyo huna cha kulinganisha.

Kuhusu ghorofa ya chini naweza kusema kabla ya kipimo: nenda nje uangalie pevingi. Majengo mengi hapa mjini msingi umewekwa nailoni ya kuzuia unyevu vizuri kabisa, halafu anakuja fundi wa pevingi mwishoni anajaza kifusi na kupandisha ua hadi juu ya ule mstari. Maji ya mvua na ya kumwagilia bustani yanauvuka mstari pembeni na kupanda ukutani, yanabeba chumvi ya udongo na ya mchanga wa tofali, yanafika juu yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi itoke.

Dawa yake ni ya nje. Ondoa pevingi kwa upana wa sentimita 30 kuzunguka ukuta, chimba hadi sentimita 15 chini ya ule mstari, jaza kokoto safi. Ua uliobaki uteremke kutoka ukutani, sentimita 2 kwa kila mita. Maua yanayomwagiliwa yasogezwe angalau mita moja.

Ndani, bandua lipu hadi nusu mita juu ya pale alama ya unyevu inapoishia, ukuta ukae wazi. Chumvi ipigwe brashi KAVU na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya tofali. Lipu mpya iwe saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, isiwe ya saruji kali, kwa sababu lipu ngumu inaziba na kuusukuma unyevu upande juu zaidi, unahama kutoka goti hadi kiunoni. Juu yake rangi ya maji, kamwe si ya mafuta.

---

Jirani_wa_Kisasa

Mnazungusha mambo. Changanya JIK na ile dawa ya kusugulia sinki la choo, sugua, piga rangi ya mafuta. Habari kwisha.

---

Mama_Usafi_Dom

Jirani, futa hiyo tafadhali, kuna mtu ataifuata. JIK ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, na ndani ya bafu lisilo na dirisha inaweza kumlaza mtu hospitali. Hata siki haichanganywi na JIK, wala dawa yoyote yenye amonia. Na rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu inatunga malengelenge, ukiyatoboa unakuta maji ndani.

Katibu, kusafisha kunakuja baada ya kuziba maji, siyo kabla. Utaratibu ni huu.

Kwanza tazama ukubwa. Doa lisilozidi mita moja ya mraba mtu wa kawaida anaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo, au kama ndani kuna mwenye pumu au mtoto mchanga, hao wahamie kwa ndugu siku ya kazi, na msafishaji avae barakoa ya N95, glavu za mpira na miwani iliyofunika macho. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la ukungu. Funga mlango wa chumba, ziba uwazi wa chini kwa taulo bichi, fungua dirisha la nje, feni izimwe.

Usipige brashi ukungu mkavu. Unautawanya nyumba nzima. Nyunyizia maji yenye sabuni ya unga, doa lilowe, ndipo usugue na kufuta kwa kitambaa unachokisuuza kwenye ndoo nyingine. Hatua hii ndiyo inayotoa ukungu wenyewe. JIK inafuata kwa ajili ya mabaki: robo lita kwenye maji lita mbili na robo, paka kwa sponji, iache dakika 10 hadi 15, futa kwa maji safi, kausha siku hiyohiyo. Ukianza na JIK kabla ya sabuni, uchafu unaila klorini yote na unabaki na harufu tu. Changanya ya kutumia siku hiyo, ya jana imepungua nguvu.

JIK ni ya vigae, glasi, zege na lipu iliyo imara. Kwenye jipsamu haina maana, kwa sababu ukungu umeshaingia kwenye karatasi na unga wa ndani, na wewe unauongezea maji. Jipsamu iliyolegea inakatwa, sentimita 30 kupita pale doa linapoishia, inafungwa kwenye mfuko hapohapo chumbani kabla ya kupitishwa kwenye korido. Migongo ya makabati ya mbao za kusagwa iliyovimba nayo haifai, badilisha. Magodoro na mito yenye madoa msihangaike nayo.

Kwa sababu ya kipimo cha nailoni, kuna jambo nataka Katibu aulize flati za juu: wanaanika nguo wapi, na wanapika kwa kutumia nini? Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke. Watu wawili wakilala chumba kimefungwa wanatoa zaidi ya nusu lita kufikia asubuhi.

---

Bomba_Makole

Nichukue ile ya ghorofa ya pili. Doa linalokua Agosti hapa Dodoma ni la bomba, bafu au tangi, mvua iondoe kwenye orodha. Mtafute mhusika kwa kumtenga mmojammoja, na anzia kwenye flati iliyo JUU ya doa.

Bomba la maji safi: fundi afunge koki kuu ya flati, aunge pampu ya mkono ya kupimia, apandishe presha hadi bar 10 na kusubiri nusu saa. Kabla ya hapo atoe hita na mipira ya masinki, hivyo havijatengenezwa kuhimili hiyo. Sindano ya pampu ikishuka na viungo vya nje ni vikavu, kuna uvujaji ukutani. Mara nyingi ni kile kiwiko chenye nyuzi za shaba nyuma ya bomba la kuogea, aliyefunga alibana bila thredi tepu ya kutosha. Au ni uchomeleaji wa PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto. Bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 kwenye mashine ya nyuzi 260. Fundi mwenye haraka anatoa mapema, kiungo kinashika nje tu, kinaanza kutoa machozi baada ya mwaka. Akichelewa kutoa, plastiki inayeyuka na kuziba tundu, hapo hakivuji ila maji yanatoka kidogo.

Sakafu ya bafu: sindano ikisimama, ziba mdomo wa bomba la maji machafu la sakafuni kwa puto au plagi, jaza maji sentimita 2 hadi 3 sehemu ya kuogea, tia rangi ya chakula nyekundu, acha saa 24. Weka alama ya kina cha maji kwa penseli. Chini kukitoka wekundu, jibu umelipata: maji yanapita kwenye grauti (ile saruji ya kujazia kati ya vigae) na hakuna kizuizi chini ya vigae. Watu wengi hudhani kigae ndicho kinachozuia maji. Kinachozuia ni kile kinachopakwa chini yake.

Bomba la maji machafu: bila kuziba, mwaga ndoo mbili kwa mkupuo. Chini kukilowa ndani ya saa moja, tatizo ni kiungo cha bomba la kutolea maji, siyo sakafu.

Na matangi. Boya likichoka tangi linafurika usiku maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, yanapoingia, yanamwagika kwenye slabu, asubuhi jua limeshakausha na hakuna aliyeona. Kila bomba la kumwagikia liunganishwe hadi kwenye mtaro wa paa. Tafuta michirizi myeupe ya chumvi ubavuni mwa tangi, maji yetu ni magumu na yanaacha ushahidi.

---

Katibu_Flati16

Nawashukuru sana. Majibu ya vipimo:

Flati za juu: matone yalikuwa upande wa chumbani, flati zote nne. Sehemu safi ya ukuta nailoni ilikaa kavu. Wanapika kwa gesi, wawili wanaanika nguo ndani kwa sababu ya vumbi.
Ghorofa ya pili: bomba lilishika bar 10 nusu saa. Maji mekundu yalitokea chini siku ya pili, flati zote mbili.
Chini: unga uliyeyuka. Pevingi iko juu ya mstari kwa sentimita kama 10.
Matangi: mawili yana michirizi.

Sasa kamati inauliza: kama juu ni jasho, paa tuliache? Na bafu ni lazima kuvunja vigae, au kuna dawa ya kupaka juu?

---

Bomba_Makole

Dawa za kupaka juu ya vigae zipo, zinaingia kwenye grauti na kusaidia uvujaji mdogo kwa muda. Kwa dari iliyokwisha kulegea, vunja. Eneo la kuogea tu linatosha, kama mita mbili za mraba, siyo bafu zima, ili mradi dawa mpya ipande sentimita 20 juu ya sehemu iliyobaki.

Vunja vigae na saruji iliyovishika hadi kwenye zege. Pembe ya ukuta na sakafu iwekwe mviringo wa saruji na mchanga 1:3, ikiwa kali ya nyuzi 90 dawa inapasuka hapo. Paka dawa ya saruji ya kuzuia maji mara mbili, ya pili ikikatiza ya kwanza, jumla kilo 3 kwa mita ya mraba, na utepe wa kitambaa kwenye pembe kati ya mpako wa kwanza na wa pili. Ukutani ipande hadi mita 1.8 sehemu ya kuogea. Usiiruhusu ikaukie ghafla, hewa ya huku inakausha kabla saruji haijashika: lowesha zege kabla ya kupaka, funga dirisha, nyunyizia maji siku mbili tatu. Kisha rudia kipimo cha maji mekundu KABLA ya kubandika vigae. Fundi akisema haina haja, tafuta mwingine.

Kuzunguka mdomo wa bomba la sakafuni ndipo wengi wanaposhindwa. Plastiki na saruji havishikani. Kwangua bomba kwa msasa na uziba pete yake kwa silanti ya poliyurethani kabla ya dawa.

---

Zege_na_Nondo

Paa msiliache, ila msilichanganye na madoa ya sasa.

Jasho kwanza. Miezi ya sita hadi ya nane usiku hushuka hadi kama nyuzi 13 na mbingu haina mawingu. Slabu iliyo wazi inapoteza joto usiku kucha, na pale pembeni imeshikana na ule ukuta mfupi wa juu, ambao nao unapoa pande mbili. Ndiyo maana madoa yanakaa pembeni na si katikati. Ndani watu wamefunga madirisha ya alumini kwa ajili ya baridi na vumbi. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya dirisha. Kwenye flati za siku hizi yameondolewa na hakuna kilichochukua nafasi yake.

Yarudisheni. Toboa tundu la milimita 100 kwenye ukuta wa nje wa kila chumba cha kulala, sentimita 20 chini ya dari, likiteremka kidogo kuelekea nje, wavu wa mbu ndani na kofia ya kuzuia mvua nje. Lisigusane na boriti, fundi atafute nondo kwanza. Makabati yasogezwe sentimita 7 hadi 10 kutoka ukuta wa nje. Mlango wa chumba ukatwe chini uache sentimita 1.5. Jikoni feni ya kutolea mvuke itoe nje kabisa, siyo ile inayozungusha hewa humohumo. Kipima unyevu kidogo cha mezani kinasaidia: asubuhi kikisoma juu ya asilimia 60 kila siku, chumba bado hakipumui.

Sasa paa. Kuna vitu viwili msisubiri Januari kuvijua. Kwanza midomo ya kutolea maji. Vumbi la kiangazi kizima, majani ya mwarobaini na mifupa ya kunguru vinakusanyika pale, mvua ya kwanza ikipiga inakuwa tope, paa linageuka bwawa. Isafishwe Novemba mwanzoni na tena baada ya mvua mbili za kwanza. Tobolea ukuta mfupi mabomba ya dharura, kitako chake sentimita 5 juu ya slabu: yakianza kumwaga kila mtu anajua mdomo umeziba.

Pili, lami ya karatasi iliyochomwa, kama ipo. Itazame kwenye vitako vya matangi, kwenye mabomba yanayopenya, na kwenye boliti za madishi. Mtu akifunga dishi kwa kutoboa slabu ameitoboa na lami. Kama ya zamani imepasuka kwenye mikunjo, pigeni mpya ya milimita 4. Hesabu: mita 22 kwa 14 ni mita za mraba 308. Mzunguko ni mita 72, ukipandisha ukutani sentimita 30 ongeza 22, jumla 330. Roli moja ya mita 10 kwa 1 ikishaondoa mapishano (sentimita 10 ubavuni, 15 mwishoni) inabaki kama 8.9. Ni roli 38, agizeni 40 ziwepo za akiba. Praima kama theluthi ya lita kwa mita ya mraba, yaani ndoo sita za lita 20.

Wakati wa kuifanya ni huuhuu, Agosti hadi Oktoba. Slabu ikiwa na unyevu chini ya lami, jua la Dodoma linaugeuza mvuke na lami inavimba mapovu. Mteremko kabla ya lami uwe angalau sentimita 1.25 kwa mita. Na madirisha: toeni vumbi kwenye vile vitundu vidogo vya reli ya chini. Vikiziba, mvua ya upepo inajaa kwenye reli na kumwagikia ndani, mwakani mtakuja tena na doa la chini ya dirisha.

---

Wakili_Mstaafu_Dom

Kuhusu malipo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Na. 16 ya 2008, inatofautisha sehemu ya mtu na eneo la pamoja, na wamiliki wanachangia eneo la pamoja kwa uwiano wa hisa zao. Paa, kuta za nje, ua na mabomba makuu kwa kawaida ni ya pamoja. Kwa hiyo lami, pevingi, kokoto na mabomba ya dharura ni mfuko wa chama. Sakafu ya bafu la mtu inayovujia jirani ni ya mwenye bafu, pamoja na dari aliyoiharibu chini. Tundu la hewa linapita ukuta wa nje, hivyo hata mwenye flati akilipa, linahitaji idhini ya kamati, tena yote yawe ya umbo moja. Lakini kabla ya kudai mtu, fungueni mchoro uliosajiliwa na kanuni za jengo lenu, maana mipaka imeandikwa humo.

Majibu ya vipimo yaandikwe na kusainiwa na wenye flati zote mbili, ya juu na ya chini, wakiwepo, na picha zenye tarehe. Maji mekundu yanakauka. Wapangaji wasichangishwe matengenezo, apelekewe mwenye nyumba.

---

Katibu_Flati16

Nimeelewa, asanteni sana. La mwisho: ile lipu ya chini tukishaibandua, tutajuaje ukuta umekauka vya kutosha kupiga mpya na kupaka rangi?

---

Zege_na_Nondo

Mafundi wanahesabu sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi, ukuta ukipata hewa. Tofali la inchi sita linalokauka pande zote mbili ni kama miezi mitatu, na kwa upepo wa Septemba na Oktoba huenda ikapungua. Usiamini mkono wala kalenda. Bandika nailoni ileile usiku mbili. Ikitoka kavu upande wa ukuta, piga lipu. Kabla ya rangi isubiri wiki nne, bandika tena. Mvua ikiwahi, acheni ukuta wazi bila rangi hadi Mei, hakuna ubaya.